Sekunde ya Arobaini na Saba

Siku ambayo mwanawe hakurudi, mama alikuwa akitia upindo kwenye mapazia ya mteja. Yalikuwa mapazia sita ya rangi ya maziwa, na mteja aliyataka kabla ya Jumamosi. Ilipofika saa kumi na robo alisimamisha cherehani, kama alivyofanya kila siku, ili asikie miguu ikifutwa kizingitini. Hakusikia kitu. Akaendelea na pazia la nne. Saa kumi na moja kasoro alikuja mtu kutoka ghalani, akavua kofia kabla hajakaribishwa. Mama akaelewa hapo hapo, maana mtu havui kofia mlangoni kwa fundi cherehani kwa kuulizia suruali yake.

Ghala la magodoro lilikuwa limeungua mchana huo, kati ya saa nane na saa tisa. Sponji haiwaki kama mbao. Huyeyuka ikitoa moshi mweusi mzito, na moshi ndio unaoua. Walikufa sita, wote wa zamu ya mchana, wote nyuma ya mlango mmoja. Mwanawe ndiye aliyekutwa karibu zaidi na mlango.

Alikuwa na miaka ishirini na saba. Kazini alifunga magodoro kwa nailoni. Nyumbani alisubiri gemu.

Gemu yenyewe iliitwa Mji wa Chumvi, na alichokuwa akikisubiri ni sehemu ya nne. Katika sehemu tatu za mwanzo, mchezaji ni shujaa anayesafiri kwenye misitu na mapango, anapigana na majoka, halafu mwisho anafika kwenye mji uliokwisha kuungua, lango lake limefungwa, watu wake wote wamekufa nyuma ya lango. Nani alilifunga? Watengenezaji hawakusema. Waliahidi kusema katika sehemu ya nne, kisha wakaahirisha mara tatu, na katika miaka minne walitoa kionjo kimoja tu, filamu fupi ya kuitangaza gemu, ya dakika moja na sekunde kumi na mbili. Watu wa nchi mbalimbali waliishi juu ya kionjo hicho kama kupe juu ya ng'ombe. Walikuwa na baraza lao mtandaoni ambako walibishana usiku na mchana, na humo mwanawe aliitwa Kobe, kwa sababu aliwaza wiki nzima kabla ya kuandika mistari miwili. Baraza lilikuwa na sheria moja, nayo ilibandikwa juu kabisa: Hakuna dai bila picha na sekunde. Ukisema malkia ni mwovu, onyesha ni wapi, sekunde ya ngapi, sivyo nyamaza.

Mama aliyajua haya yote bila kutaka. Chumba kilikuwa kimoja, na cherehani na kompyuta vilipakana kiwiko kwa kiwiko.

Siku ya tisa baada ya mazishi, saa kumi na robo, miguu ilifutwa kizingitini. Mwanawe aliingia akiwa na koti lake la kazi, masizi yamemjaa mpaka kwenye kope. Alimwamkia mama yake akauliza kama umeme upo. Mama akasema upo tangu asubuhi. Alitandika kwenye kiti kipande cha pazia kilichobaki, kwa kuwa masizi hayatoki kirahisi kwenye kitambaa cha kiti, na mwanawe akakaa, akawasha kompyuta, akaandika. Saa kumi na mbili alizima, akainuka, akaaga, akatoka. Kwenye kibodi alibakiza alama nyeusi juu ya herufi alizozitumia zaidi. Mama alizifuta kwa kitambaa chenye maji kidogo. Kesho yake alikuja tena, na keshokutwa, kwa saa ile ile.

Barazani hawakuwa na neno kubwa la kusema. Mtunza baraza, mtu wa mbali ambaye kazi yake ya mchana ilikuwa kung'oa meno, aliandika: "Kobe, tulipata habari kwamba umefariki. Pole sana wewe na nyumba yako. Hata hivyo dai lako la jana halina sekunde. Tafadhali lirekebishe." Kobe alilirekebisha.

Mwingine aliyejiita Jicho la Chui, mwalimu wa hesabu, hakutaka kuipoteza nafasi. "Sasa ndugu yangu, kwa kuwa uko huko, hawajakudokeza mwisho wake?"

"Huku hawatuambii kitu," Kobe alijibu. "Nasi tunasubiri."

Ubishi mkubwa wakati huo ulikuwa juu ya sekunde ya arobaini na saba. Hapo kionjo kinaonyesha lango la mji kwa nje, kwa muda mfupi kama kupepesa jicho, na chini ya lango kuna kipande cha joho kilichobanwa. Wengi walisema wenyeji walijifungia wenyewe kwa kuogopa joka, na joho lile ni la mtu wa mwisho aliyekimbilia ndani. Kobe alisema hapana, walifungiwa. Lakini hakuwa na la kuonyesha.

"Hebu rudisha nyuma," mama alimwambia alasiri moja, sindano mdomoni. "Hapo. Kuza hicho kitambaa."

Mwanawe alikuza.

"Anayekimbilia ndani anaacha nini nje? Anaacha upindo wa nyuma. Wa nyuma hauna kitu, ni pindo tupu. Hapa mimi naona matundu ya vifungo, moja, mbili, na la tatu limeraruka. Huu ni ubavu wa mbele. Aliyelivaa alitanguliza kifua. Alikuwa anatoka."

Mwanawe akaandika: "Dai: waliokuwa ndani walitaka kutoka. Sekunde ya 47. Chanzo: mama yangu, fundi cherehani, miaka thelathini na moja kazini." Baraza lilichemka siku nne. Tangu hapo walimwita Mama Kobe, wakawa wanamletea maswali ya kanzu za wachawi na mikanda ya askari, naye aliwajibu kupitia kwa mwanawe huku akipiga pasi.

Katika wiki ya sita tume ya uchunguzi ilitoa ripoti. Ilikuwa na kurasa kumi na nne, na mama aliisoma amesimama kwenye ujia wa ofisi, kwa sababu benchi lilikuwa limejaa. Ibara ya tisa ilisema hivi: "Mlango ulikuwa wazi. Marehemu aliyekuwa mbele, kwa taharuki, aliusukuma badala ya kuuvuta, na hivyo kuwazuia wenzake watano." Aliisoma mara mbili. Halafu akairudisha dirishani, kwa kuwa ilikuwa nakala ya kusomea pale pale.

Magazeti yaliichukua sentensi hiyo moja na kuziacha kurasa nyingine. Mtaani hakuna aliyemtukana. Walianza tu kuja kuchukua vitambaa vyao.

Wa mwisho kuja alikuwa mama wa binti aliyekuwa akibandika lebo kwenye magodoro, mmoja wa wale sita. Walikuwa wameshonana kwa miaka mingi, yaani mmoja anashona na mwingine anavaa.

"Nimekuja na kitambaa changu," alisema. "Kile cha maua."

"Bado sijakikata, mwenzangu. Nilikuwa nasubiri vipimo."

"Bora hujakikata."

Mama alikikunja vizuri, pembe kwa pembe, akampa. Yule mwingine hakuondoka.

"Wangu naye anakuja," alisema. "Saa kumi na robo. Anakaa jikoni."

"Anasema nini?"

"Anasema alikuwa wa nne kutoka mlangoni. Anasema alichokiona ni mgongo wa mwanao tu. Anasema ule mgongo haukusogea." Akakikumbatia kitambaa. "Wako anasema nini?"

"Anasema habari za gemu."

"Haya," yule mama alisema, akaenda zake.

Alasiri ile mama hakushona. Mwanawe alipoingia na kukaa, aliuliza kwa sauti ya mtu anayeulizia chumvi: "Mwanangu, ule mlango ulikuwa umefungwa?"

"Sina picha wala sekunde, mama."

"Lakini ulikuwepo."

"Nilikuwa ndani." Aliupapasa ukingo wa meza, na meza ikabaki na michirizi mitano meusi. "Aliye ndani haoni kufuli. Anajua tu kwamba mlango hauendi. Hajui kama ni kufuli, au ni joto limeupinda, au ni mikono yake haina nguvu." Kisha akasema wametoa picha mpya ya taji la malkia, na kwamba jiwe moja limepungua.

Watu waliofanya kazi zamu nyingine waliujua mlango ule kama wanavyovijua vidole vyao. Mama aliwafuata wanne. Wote walimpa pole, wote wakatazama viatu vyao. Walikuwa bado wana kazi. Ghala lilikuwa likikarabatiwa, nao walikuwa wameambiwa wakae tayari.

Ilikuwa bahati tu. Muuza vifungo alimfungia zipu tano kwenye gazeti la zamani, na mama alipolifungua alikuta ni gazeti la siku iliyofuata moto. Kulikuwa na picha ya ukuta wa ghala kwa nje. Zimamoto walikuwa wametoboa tundu kubwa ukutani, hatua tatu pembeni mwa mlango, na kutokea hapo ndipo walipowatoa. Mlango wenyewe ulikuwa umesimama mzima. Mama aliuinamia kama anavyoinamia kitambaa kinachotiliwa shaka. Aliona komeo, na kwenye komeo kufuli, limepita kwenye pete yake kama kifungo kilichopita kwenye tundu. Lilikuwa upande wa nje.

Saa kumi na robo alimwekea mwanawe gazeti juu ya kibodi.

Alilishika mpaka masizi ya vidole vyake yakaanza kuingia kwenye karatasi. "Upande huu sikuwahi kuuona ukiwa umefungwa," alisema hatimaye. "Asubuhi tukiingia huwa wazi."

"Hii ni picha. Sekunde sina, lakini tarehe ipo."

Aliipiga picha akaituma barazani na maneno machache: "Hii haitoki kwenye gemu. Nani aliufunga mlango huu?"

Kwa siku tisa Mji wa Chumvi ulisahauliwa. Watu waliozoea kugombania rangi ya jicho la joka walimtafuta mpiga picha wa gazeti, wakamwomba picha yenyewe kabla haijapunguzwa, naye akawapa bila maswali, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuiomba. Waliigawa vipande mia mbili na kila mmoja akachukua chake. Kufuli lilikuwa limefungwa, si la kuegeshwa. Juu ya mlango kulikuwa na reli, na kwenye reli magurudumu manne. Mlango ule ulikuwa wa kuteleza kwenda kushoto, na mlango wa namna hiyo hausukumwi wala hauvutwi. Kivuli cha nguzo kilionyesha ni saa tisa na dakika ishirini. Kwenye kioo cha gari lililoegeshwa kando kulikuwa na taswira ya mtu mwenye bilauri ya chai mkono mmoja na fungu la funguo mkono wa pili. Walilinganisha taswira hiyo na picha ya sherehe ya wafanyakazi, wakakuta ni msimamizi wa ghala. Daftari lililokuwa ndani ya gari hilo, walipolikuza, lilionyesha kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiweka kufuli kila siku saa saba, tangu foronya za magodoro zilipoanza kupotea, na kulifungua saa kumi.

Waliyaandika yote kwenye kurasa arobaini na moja. Kila dai lilikuwa na picha yake na mahali pake kwenye picha. Mwishoni Jicho la Chui aliongeza mstari mmoja: "Hili lilikuwa jepesi. Gemu ni ngumu zaidi."

Mama alizichapisha, akazitoboa pembeni na kuzishona kwa uzi wa jinzi ili zisitawanyike, akazipeleka ofisi ya tume. Karani alikuwa kijana mwenye adabu. Alizipitia zote, hakuruka hata ukurasa.

"Kazi nzuri," alisema. "Mimi mwenyewe nisingeweza. Hawa waandishi ni akina nani? Huyu Jicho la Chui ni mhandisi?"

"Ni mwalimu wa hesabu."

"Na mtunza baraza?"

"Anang'oa meno."

"Na huyu Kobe?"

"Ni mwanangu."

Karani alifungua jalada, akatafuta kwa kidole. "Marehemu wa ibara ya tisa?"

"Ndiye."

"Basi hapo kuna tatizo, mama yangu. Marehemu ana maslahi katika jambo hili. Ushahidi wake hatuwezi kuupokea, ataonekana anajitetea." Alifunga jalada. "Angekuwa marehemu mwingine, asiyetajwa, tungeona."

"Kuna mwingine. Binti wa lebo. Lakini yeye alikuwa wa nne, aliona mgongo tu."

"Tunaye. Mgongo tumeuandika." Akachukua muhuri, akaugonga ukurasa wa kwanza: IMEPOKELEWA. Akamsindikiza mpaka mlangoni, akamwonyesha ngazi, akamwambia aangalie, kidato cha tatu kimelegea.

Nakala ya pili mama aliipeleka kwa mama wa binti wa lebo. Alimkuta jikoni, na binti yake yuko pembeni kwenye kigoda, kimya, masizi magotini. Yule mama alinawa mikono akasoma. Alisoma polepole, na alipofika kwenye kioo cha gari alirudia kusoma. Kisha akafunga.

"Nimeona," alisema.

"Umeona kufuli?"

"Kufuli, reli, bilauri. Nimeona vyote. Mimi si kipofu." Alimrudishia karatasi. "Lakini sikiliza, mwenzangu. Yule bwana ana ukuta, ana mlinzi, ana wakili. Nikisimama getini kwake natimuliwa kama kuku. Mwanao nilikuwa namfikia. Kila nikiamka nilikuwa na wa kumlaumu, tena anakaa nyumba ya nne kutoka kwangu. Nikimwachia yeye, nitamshika nani?"

Binti kwenye kigoda alisema, kwa sauti ndogo, kwamba alikuwa wa nne. Mama yake akamwambia anajua, mwanangu, anajua. Kitambaa cha maua hakikurudi.

Gemu ilitoka miezi saba baadaye. Mwanawe hakuwa na njia ya kuicheza, kompyuta yake ilikuwa kuukuu mno, kwa hiyo Jicho la Chui alicheza akawa anawasimulia barazani hatua kwa hatua. Ilikuwa alasiri. Mama alisimamisha cherehani, akavuta kiti. Shujaa alirudi nyuma miaka mia, akasimama mbele ya lango siku ile ya moto. Lango lilifungwa kwa nje. Lilifungwa na mtumishi wa malkia, kwa amri ya malkia, kwa sababu chumvi ya ghala lake ilikuwa ikiibwa. Aliyekuwa mbele kabisa, mwenye joho, alikufa mikono ikiwa langoni, na katika gemu watu wote wa nchi hiyo walisimama wakalisema jina lake kwa sauti. Malkia akavuliwa taji.

Barazani waliandika kwa saa tatu mfululizo: Kobe alisema. Kobe alisema. Mama Kobe alisema. Mtunza baraza alilibandika dai la sekunde ya arobaini na saba juu kabisa, chini ya ile sheria.

"Umefurahi?" mama aliuliza.

"Kidogo," mwanawe alisema. "Mwisho wake ni wa gemu mno. Malkia hakubisha hata kidogo."

Barua ya tume ilifika wiki hiyo hiyo. Ilimshukuru kwa mchango wake, ikaeleza kwamba baraza la mchezo si chombo kinachotambuliwa, na ikaambatisha ripoti iliyopitiwa upya. Mama aliipitia neno kwa neno, kama barazani walivyomfundisha. Kulikuwa na badiliko moja. Katika toleo la kwanza mwanawe aliandikwa kuwa na miaka ishirini na sita. Sasa wameweka ishirini na saba, ambayo ndiyo sahihi. Ibara ya tisa ilikuwa pale pale, na nukta zake zote.

Sehemu ya tano ya Mji wa Chumvi imekwisha kutangazwa. Wametoa kionjo cha sekunde thelathini, na kwenye sekunde ya kumi na moja kuna kisima ambacho hakuna anayekielewa. Mwanawe ameanza kuwaza.

Ghala nalo limefunguliwa. Wamejenga ukuta upya, wamepaka rangi, na mlango mpya ni wa reli kama ule wa kwanza. Saa saba msimamizi anaufunga kwa nje, saa kumi anaufungua. Saa kumi na robo miguu inafutwa kizingitini, na mama anatandika kitambaa kwenye kiti.